Aliyeingia Msibani Bila Ubani

Kwetu mtu haingii msibani mikono mitupu. Hata asiye na kitu huingia na neno lake la pole, akaketi jamvini, akanyamaza pamoja na walionyamaza. Swali ninalotaka kulizingatia hapa ni la mtu ambaye kazi yake humpeleka kila siku katika nyumba za misiba ya watu asiowajua, wala si kwa ajili ya kuhani, bali kwa ajili ya kuchukua: kuchukua jina la marehemu, namna alivyouawa, kilio cha mama yake, na ikiwezekana picha yake. Mtu huyo ni mwandishi wa habari za mauaji. Na pale anapoiacha kazi ya gazeti akawa mtunzi wa riwaya na wa sinema, akala na kuvaa kwa yale aliyoyaokota katika nyumba zile, je, ana deni? Na kama analo, hulipwa kwa sarafu gani?

Nimemchagua Ben Hecht, Mmarekani, si kwa kuwa alikuwa mbora wa wote waliopita njia hiyo, maana wapo waliomzidi mbali kwa riwaya, bali kwa kuwa hakuficha kitu. Wengi wa kazi yake walipofika utu uzima walijitengenezea ujana wa heshima. Yeye alifanya kinyume. Katika kitabu cha maisha yake, A Child of the Century, kilichotoka mwaka 1954, alisimulia wizi na uwongo wake kwa furaha kubwa mno, hata msomaji hulazimika kujiuliza kama baadhi ya uwongo huo nao si uwongo. Basi mengi nitakayoyaeleza kuhusu ujana wake yachukuliwe hivyo: ni kama alivyoyasimulia mwenyewe, na shahidi ni yeye.

Alizaliwa New York katika miaka ya 1890, wazazi wake Mayahudi waliohamia kutoka Urusi, akakulia Racine, mji mdogo wa Wisconsin. Chuo kikuu alikaa siku tatu. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 16, alipanda gari moshi kwenda Chicago, na huko mjomba wake akamfikisha mbele ya mwenye gazeti la Chicago Daily Journal. Mtihani aliopewa utawafurahisha wasomaji wa jarida hili: aliambiwa atunge shairi, tena la utani mchafu, la kuchekeshea wageni wa karamu. Akalitunga, akaajiriwa. Ni nadra sana shairi kumpatia mtu mshahara siku ileile. Inasikitisha tu kwamba lilikuwa shairi la namna ile.

Kalamu hakupewa mara moja. Kwanza alifanywa mtafuta picha. Mtu akiuawa, au akijiua, au akiua, gazeti lilihitaji sura yake kabla ya magazeti mengine, na kijana Hecht alitumwa nyumbani kwa wafiwa kuipata. Ikipatikana kwa kuomba, vyema. Isipopatikana, alikuwa na koti lenye mifuko mikubwa ya ndani, na katika mifuko hiyo vifaa vya kufungulia madirisha ya watu. Alipenya, akaitungua picha ukutani, akatoka nayo kifuani. Tukumbuke zama zenyewe. Kwa familia ya mhamiaji masikini wa mwaka 1910, picha ya binti yao iliyo ukutani huenda ilikuwa ndiyo pekee waliyopata kupigisha. Aliyekwisha kunyang'anywa mtoto na muuaji alinyang'anywa na sura yake na gazeti, na kesho yake akaiona sura hiyo mikononi mwa kila mpita njia, kwa senti chache.

Kutoka hapo alipanda cheo, kwa maana kwamba aliruhusiwa kutunga. Anasimulia jinsi yeye na mpigapicha wake walivyochimba mtaro katika ufukwe wa Ziwa Michigan, wakaupiga picha, na gazeti likatangaza kwamba ardhi ya Chicago imepasuliwa na tetemeko. Habari za namna hii kwake zilikuwa mzaha wa ujana, na mzaha wenyewe una uhodari wake. Lakini mimi siuweki katika fungu moja na wizi wa picha. Ufa wa ardhi haukuwa wa mtu. Aliyedanganywa alidanganywa senti zake, akacheka au akakasirika, mambo yakesha. Picha ilikuwa na mwenyewe.

Hapana budi tumtetee kidogo, maana si haki kumhukumu mtu kwa vitu vilivyomo mfukoni mwake tu. Damu iliyomwagika si siri ya nyumba moja. Mji una haki ya kujua nani ameuawa na nani ameua, na pale asipokuwapo mtu wa kuuliza, wenye nguvu huua na kulala usingizi. Mwandishi anayegonga mlango wa mfiwa huenda ndiye mtu pekee siku hiyo anayetaka kusikia habari ya marehemu tangu mwanzo hadi mwisho. Hili ni kweli, na katika maisha ya Hecht lina mfano wake mashuhuri.

Usiku wa tarehe 21 Juni 1920, Carl Wanderer, askari aliyerudi kutoka vita vya Ulaya, alikuwa akirudi nyumbani na mkewe mjamzito kutoka kutazama sinema. Katika ukumbi wa kuingilia nyumba yao zikasikika risasi. Walipofika watu, mke yuko chini anakata roho, na kando yake mtu mwingine aliyevaa matambara, naye yu katika hali hiyohiyo. Wanderer alieleza kwamba mtu huyo ni mnyang'anyi, aliyempiga risasi mkewe, naye akampiga yule mnyang'anyi. Chicago ikampata shujaa. Hecht, ambaye wakati huo yuko Chicago Daily News, alisema alimzuru shujaa huyo kwake akamkuta ana bashasha isiyo ya mtu aliyefiwa, moyo wake ukaingia shaka. Bastola mbili zilizookotwa zilikuwa za aina moja, na ilipofuatwa asili ya ile iliyodaiwa kuwa ya mnyang'anyi, njia ikaishia kwa jamaa yake Wanderer mwenyewe. Ndipo ikabainika kwamba yule mwenye matambara alikuwa fukara aliyeokotwa mitaani, akaahidiwa fedha ili ajifanye mnyang'anyi, akaingizwa gizani, akauawa na yuleyule aliyemkodi.

Hadi hapo gazeti limefanya kazi ya haki. Lakini tazama yaliyofuata. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia Wanderer hatiani kwa kumuua mkewe, akapewa kifungo cha miaka 25. Magazeti yakaghadhibika, yakapiga kelele, na Wanderer akashitakiwa upya, safari hii kwa kumuua yule fukara. Kwa huyo wa pili alihukumiwa kifo, akanyongwa mwaka 1921. Alikwenda kitanzini akiimba, na waandishi waliokuwapo wakalifanyia mzaha hilo, mzaha ambao umeishi kuliko kesi. Mtu mmoja alinyongwa, basi, kwa damu ya mtu ambaye hakuna aliyethibitisha jina lake. Majina yalipendekezwa, hakuna lililoshika. Katika makala yote yaliyoandikwa, yeye ni mgeni mwenye matambara, kama kwamba matambara ndiyo ukoo wake. Kifo chake kilikuwa na thamani mahakamani na katika gazeti, maisha yake hayakuwa na thamani popote.

Hapo ndipo ninapoliona deni. Halitokani na kuandika. Linatokana na kuandika juu ya mtu kwa kadiri anavyofaa tu, kisha ukamwacha pale ufaaji wake unapokwisha. Mshairi wa marthia naye hutumia kifo cha mtu, tena wengine walilipwa kwa kufanya hivyo, lakini sharti la marthia ni kwamba mwishoni marehemu awe ameongezeka, si amepungua. Katika habari ya gazeti la Chicago marehemu alipungua kila siku, hadi pakabaki tone la wino la kuchekesha.

Ningependa kumtaja hapa, kwa kupita, mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika mji huohuo. Maurine Watkins aliajiriwa na Chicago Tribune mwaka 1924, akaripoti kesi za wanawake wawili walioshitakiwa kuua wanaume wao wa pembeni, Beulah Annan na Belva Gaertner. Aliandika kwa kejeli, akiwaonyesha jinsi walivyojipamba kwa ajili ya wapigapicha. Wote wawili waliachiwa huru. Watkins aliitoka kazi hiyo baada ya miezi michache tu, akaigeuza habari kuwa tamthilia, Chicago, iliyoonyeshwa New York tangu mwishoni mwa 1926, na baadaye akaandikia sinema huko Hollywood. Kisha akafanya jambo ambalo Hecht hakulifanya kamwe: akanyamaza. Akahamia Florida, akawa mtu wa kanisa, na walipomjia wenye kutaka kuifanya tamthilia yake kuwa ya muziki aliwakatalia hadi alipofariki mwaka 1969. Sababu ya kukataa kwake imekuwa ikisimuliwa kuwa ni majuto. Tamthilia ya muziki ilitoka mwaka 1975, yeye yu kaburini, na filamu ya 2002 ikapata tuzo kubwa ya Oscar. Kwa hiyo hata aliyekataa kuuza, aliuziwa.

Hapa kwetu mwandishi wa kwanza kutuzoesha riwaya ya upelelezi, Muhammed Said Abdulla, naye alikuwa mtu wa magazeti. Lakini maiti wa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, alizaliwa katika kichwa cha mtunzi, na Bwana Msa akapuliza kiko chake bila kumuudhi mama wa mtu. Raha ya kusoma upelelezi wa Bwana Msa ni raha isiyo na mlalamikaji. Raha ya Hecht ina mlalamikaji, hata kama hajulikani alipo.

Tumfuate alipoingia katika utunzi. Mwaka 1921 alitoa riwaya yake ya kwanza, Erik Dorn, na mwaka huohuo akaanza katika Chicago Daily News safu ya visa vifupi vya mjini, ambayo jina lake, 1001 Afternoons in Chicago, limeazimwa wazi kutoka Alfu Lela Ulela, ila usiku umegeuzwa alasiri. Visa hivyo ndivyo ninavyovipenda zaidi katika kazi zake. Humo yumo fundi, mfungwa, mwanamke anayesubiri, watu wasiokuwa na tukio lolote la kuuza gazeti, naye anawatazama bila kuwavua nguo. Riwaya ni jambo jingine. Shujaa wake ni mwandishi wa gazeti mwenye ufasaha wa ajabu ambaye ndani yake hamna kitu. Maneno yanamtii, moyo haupo. Mtu wa miaka ishirini na kitu kuandika hivyo juu ya mtu wa kazi yake mwenyewe ni dalili kwamba alikwisha kujipima, na akaona mizani haisemi uwongo.

Halafu ikaja sinema, na fedha. Hadithi yake ya majambazi, Underworld, iliyotolewa filamu mwaka 1927, ilimpatia tuzo katika sherehe ya kwanza kabisa ya Oscar, mwaka 1929. Scarface ya mwaka 1932 ilitokana na sifa na matendo ya Al Capone, na Hecht anasimulia kwamba watu wa Capone walimjia hotelini usiku na mswada mkononi kumuuliza kama ni bosi wao anayesemwa. Akawaambia sivyo, wakaondoka wameridhika. Ni kisa kitamu. Lakini angalia kwamba aliyekuja kudai sura yake isichukuliwe, na aliyejibiwa kwa adabu, alikuwa jambazi mwenye bunduki. Mama wa Racine Avenue au mtaa wowote wa mafukara hakuwa na wa kumtuma.

Kazi inayofungua kifua chake zaidi ni The Front Page, tamthilia aliyoiandika na rafiki yake Charles MacArthur mwaka 1928, ambayo mwaka 1940 ilifanywa filamu His Girl Friday. Mahali ni chumba cha waandishi katika jengo la mahakama ya jinai. Nje kinajengwa kitanzi cha kumnyonga mtu asubuhi, kwa kuwa meya na mkuu wa polisi wanatafuta kura. Ndani waandishi wanacheza karata. Mtu aliyehukumiwa anatoroka, anafichwa ndani ya meza, na tangu hapo kila kicheko kinategemea kama ataonekana au hataonekana. Mtu mmoja tu humo anamhurumia, mwanamke wa mitaani aitwaye Mollie Malloy, ambaye wale waandishi wamemchafua katika magazeti yao na kumcheka usoni. Walipokaribia kumgundua mtoro, mwanamke huyo alijirusha dirishani ili kuwavuta upande mwingine. Wakakimbilia dirishani, wakatazama, mchezo ukaendelea. Watunzi wenyewe walikiri kwamba walianza kuandika kwa nia ya kuishutumu kazi ile wakajikuta wameiandikia barua ya mapenzi. Naamini ni kweli. Naamini pia kwamba Mollie ni mabaki ya ile nia ya kwanza, ambayo hawakuweza kuifuta, na ndiyo maana mtazamaji, baada ya kucheka saa mbili, hutoka na kitu kinachomkwaruza asichoweza kukitaja.

Laiti maisha yake yangeishia hapo, ningesema deni halikulipwa, na makala yangekuwa mafupi. Lakini mwezi Novemba 1942 ilitangazwa Marekani, kwa habari zilizothibitishwa na serikali yenyewe, kwamba Wanazi wamekwisha kuwaua Mayahudi milioni mbili wa Ulaya. Magazeti makubwa yaliiweka habari hiyo kurasa za ndani. Fikiri, msomaji: katika nchi ambamo mauaji ya mke mmoja yalijaza ukurasa wa mbele kwa wiki nzima, mauaji ya milioni mbili hayakupata nafasi hiyo. Hecht, ambaye nusu ya umri wake hakujishughulisha na Uyahudi wake, alilielewa hilo kwa haraka kuliko wanazuoni, kwa sababu alijua habari inavyouzwa. Februari 1943 makala yake juu ya maangamizi yakatoka katika Reader's Digest, gazeti la mamilioni ya wasomaji. Mwezi huohuo, tarehe 16, kukatokea katika New York Times tangazo la kulipia lililoandikwa na yeye, lililowanadi Mayahudi 70,000 wa Romania kwa dola 50 kila mmoja, kama bidhaa, na chini likaeleza kwamba ni binadamu halisi. Lilitokana na habari kwamba utawala wa Romania ulikuwa tayari kuwaachia kwa malipo. Waheshimiwa wengi walichukizwa na lugha ya mnada. Machi mwaka huohuo akaandika mchezo wa maombolezo, We Will Never Die, uliotazamwa na watu wapatao 40,000 kwa usiku mmoja katika Madison Square Garden, kwa maonyesho mawili.

Na mwaka huo pia aliandika shairi, likachapishwa gazetini kama tangazo, ukurasa mzima: sauti ya kejeli kali inayowataka wanaochinjwa wasipige makelele, wasije wakausumbua ulimwengu wenye shughuli zake. Nimelisoma mara nyingi kwa jicho la mfasiri. Vina vyake ni vya mtaani, mizani inayumba, na kejeli haina kivuli cha kupumzikia. Si shairi kubwa. Lakini ni kazi ya mtu anayejua mlango wa kuvunjia, na safari hii alikuwa akivunja ili kuingiza picha ndani ya nyumba za walioshiba, si kuitoa katika nyumba ya mfiwa. Vifaa ni vilevile: herufi kubwa, bei, mshituko, mzaha unaokata. Januari 1944 Rais Roosevelt aliunda bodi ya kuwaokoa wakimbizi wa vita, na wanahistoria wengi wanazihesabu kelele za Hecht na wenzake miongoni mwa sababu zilizoisukuma serikali hadi hapo.

Ningekuwa mtungaji wa hadithi ningeweka kalamu chini papo hapo. Lakini Mei 1947 Hecht alichapisha barua ya tangazo kwa wapiganaji wa siri wa Kiyahudi huko Palestina, akisema kwamba kila waliporipua gereza au treni ya Waingereza moyo wake ulisherehekea. Wapiganaji wa Irgun, aliokuwa akiwasifu, mwaka mmoja kabla walikuwa wameilipua hoteli ya King David mjini Jerusalem, wakafa watu 91: Waarabu, Waingereza na Mayahudi, makarani na wapishi. Wenye sinema Uingereza wakazisusa filamu zake kuanzia 1948. Wako wanaosema hasira ile ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwapo. Aliyeona milioni wakichinjwa huku bandari zimefungwa hawezi kuandika kama karani wa posta. Bali mkuki kwa nguruwe. Mwaka 1943 alijua kwamba kila mmoja katika wale 70,000 ana sura. Mwaka 1947 karani wa Kiarabu aliyefukiwa chini ya hoteli akawa tena mgeni mwenye matambara, mtu wa kupita katika habari ya mwingine.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba miaka ya vita ilimsafisha, wala na wanaosema kwamba alikuwa mpiga domo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Deni la mwandishi si kama deni la dukani, ukilipa leo jina linafutwa daftarini. Linafanana zaidi na sala: ya jana haikuondolei ya leo. Hecht alilipa kwa ukarimu mkubwa pale wafiwa walipokuwa wake. Ubani wa msiba wa jirani asiyempenda hakuwa nao, na sina hakika ni wangapi katika sisi tunaoishi kwa kalamu tunao.

Mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alitoa kitabu kingine cha ujana, Gaily, Gaily, na jina lenyewe linasema furaha mara mbili. Mwandishi amekwisha kuona karne nzima ya maiti, na bado anacheka kwa koti lile na mifuko yake. Alifariki New York tarehe 18 Aprili 1964, filamu zaidi ya sitini zikiwa na jina au mkono wake. Yule mtu wa Chicago aliyekodiwa afe kwa ahadi ya dola chache, kwa taarifa zote nilizozisoma, hajapata jina.